Mfuko wa Dereva Asiyekunywa Maji

Mfuko wa kwanza niliomchagulia mume wangu kwa safari ya jangwani ulikuwa upuuzi mtupu, na afadhali niseme hivyo mwenyewe kabla hajatokea mtu wa kunisemea. Ulikuwa mweusi, wa ngozi bandia, na ulikuwa na vifuko vingi vya nje vilivyonivutia macho. Mimi nauza mabegi ya mtumba mjini, karibu na mabenki, kwa hiyo nilijiona bingwa. Kwa habari ya mishono na zipu, hakuna wa kunidanganya. Lakini jangwa nilikuwa sijaliona hata kwenye picha nzuri. Sisi wa Lubumbashi ukituambia joto, tunafikiria mwezi wa kumi, vumbi jekundu, mvua imechelewa na kila mtu amenuna. Tunadhani mbele ya hapo hakuna joto lingine. Mume wangu aliporudi, ngozi ya mfuko ilikuwa imebanduka vipande vipande, gundi imeyeyuka, na kitambulisho chake kimenata kwenye kitambaa cha ndani.

"Mama," akaniambia, "kule kintu cheusi kinakuwa mbabula."

Mbabula ndiyo jiko letu la makaa. Nilicheka, halafu nikaona haya, halafu nikakasirika, maana mimi aibu haikai kwangu bila kugeuka hasira. Nikamwambia akae hapo kwenye kiti anieleze jangwa lote, tangu mwanzo, na asiruke kitu.

Alikuwa dereva wa lori, kamyo kama tunavyosema kwetu. Alikuwa akipakia mabamba ya shaba kwenye migodi ya upande wa Kinsevere, anashuka hadi mpaka wa Kasumbalesa, anaikata Zambia yote, anaingia Namibia, na anafika bandari ya Walvis Bay. Kabla ya bandari ndiyo kuna jangwa. Akanieleza kwamba asubuhi ni baridi kuliko mwezi wa sita wetu, mchana usukani unaunguza viganja, upepo unabeba mchanga mwembamba unaoingia mpaka ndani ya saa ya mkononi, na ukikaribia bahari unakuta ukungu unaoziba barabara. Midomo inapasuka. Pua inatoka damu. Jasho hulioni, kwa sababu linakauka kabla hujalihisi, na hapo ndipo mtu anajidanganya kwamba hana kiu.

Kwetu, watu tuliotoka kaskazini ya Katanga tukaletwa mjini na baba zetu wa reli, mfuko wa mume anayekwenda safari unafungwa na mkewe. Hata mama aliyemzaa hatii mkono humo. Mama yangu alimfungia baba yangu, na baba hakuwa akifungua mpaka garimoshi liondoke. Sijui desturi hiyo ilianzia wapi. Ninachojua ni kwamba mume akipata shida njiani, swali la kwanza la watu wa kilioni ni, mkewe alimwekea nini?

Basi nikaanza kazi. Kila robota la mabegi likifunguliwa, nilikuwa natoa la kwake kwanza kabla sijapanga ya wateja. Nilichagua mfuko wa turubai, rangi ya udongo uliopauka, wa kuvaa begani na kupitisha kifuani, ili akishuka kwenye lori ashuke nao. Zipu nilizitoa zote, maana mchanga unakula zipu. Nikashona vifungo vikubwa vya mbao. Ndani nikagawa sehemu mbili: huku karatasi zake ndani ya nailoni, huku vitu vya mwili. Kopo dogo la vaselini kwa midomo na tundu za pua. Kitambaa cha pamba cheupe, kirefu, cha kulowesha na kuzungusha shingoni. Kofia ya ukingo mpana nilimpa akaikataa, inagonga kiti kwa nyuma na kumfumba macho. Nikamtafutia kepi, nikaishonea pazia la kufunika kisogo. Akasema anafanana na mtoto wa ubatizo. Nikamwambia afanane. Miwani ya jua nilimchagulia yenye fremu ya plastiki, kwa kuwa ile ya chuma ilikuwa imemchoma penye mfupa wa pua. Tochi ndogo, kisu cha kukunja, kiberiti, chumvi na sukari nilizochanganya na kufunga vipande vipande kwenye nailoni. Sweta kwa ajili ya ule ukungu. Na rozari, ya uzi, si ya chuma.

Kitu kilichonisumbua zaidi ni chombo cha maji. Chupa za plastiki zilizokwisha kutumika zililegea, maji yakanuka plastiki. Chupa ya chuma niliyoitafuta kwa bidii mpaka nikaipata, ilimuunguza mdomo. Mwishowe nikachukua bidoni, yaani dumu la maji la wastani, lile la njano tunalolijua wote, nikalivisha gunia, nikalishonea vizuri kama ninavyomshonea mtoto shati. Ukililowesha gunia na kulitundika kwenye kioo cha pembeni, upepo unapita, maji yanabaki baridi. Nilijaribu nyumbani kwetu Hewa Bora, nikalitundika kwenye kamba ya nguo katikati ya jua kali, na maji yakatoka baridi mpaka watoto wakapigana kuyanywa. Siku hiyo nilijivuna, jamani! Wake wa madereva wengine walikuja kuuliza nimefanyaje. Nikawaonyesha. Wengine niliwashonea.

Akaondoka na bidoni lake. Akarudi nalo.

Alipolishusha kwenye lori nilinyoosha mkono kulipokea, nikidhani ni jepesi, na kidogo linivunje bega. Lilikuwa limejaa. Nikafikiri amelijaza mpakani. Nikafungua kifuniko, maji yananuka gunia na safari.

"Haya ni mayi ya wapi?"

"Ya hapa hapa," akasema. "Yako."

"Haukukunywa?"

"Nilikunywa kidogo."

"Kidogo ya nini? Bidoni iko bimba, imejaa! Ulikunywa na macho?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko cha kunyamazisha watu, kicheko kizuri, na nilikipenda mpaka siku ile. Akaketi, akavua viatu, akanieleza jambo ambalo wanaume wote wa kazi yake wanalijua na hakuna anayemwambia mkewe. Dereva wa shaba hanywi maji. Anayekunywa lazima ashuke kukojoa. Akishuka, hata akizunguka tu nyuma ya tairi, vijana wanatokea majanini, wanakata turubai lililofunika mzigo, mabamba yanaondoka. Kule Kasumbalesa foleni ya malori inakwenda mpaka macho yanachoka, na wezi wanatembea pembeni yake kama wachuuzi. Zamani kila lori lilikuwa na msaidizi wa kulinda. Matajiri wakamwondoa. Sasa dereva ni mmoja, yeye na mzigo wake. Mwenzake mmoja aliyekuwa akimheshimu sana alishuka kwa haja ndogo, akarudi, akakuta mabamba mawili hayapo. Wakasema aliuza. Akafungwa, na alipotoka hakuna aliyempa usukani tena.

"Kwa hiyo tunafunga kinywa," akasema. "Unaamuka, unakunywa kikombe, inaisha. Mwili inazoea."

"Sawa, Kasumbalesa. Na mu desert? Mwizi anatokea wapi kule, chini ya muchanga?"

Alijikuna kisogo. Akasema kwamba akishakaa siku zote hizo bila kunywa, hata akifika mahali ambapo hakuna mtu wala mti, kiu inakuwa haipo tena. Anaona maji yananing'inia pale kwenye kioo, anasema nitakunywa mbele kidogo. Halafu mbele kidogo. Halafu bandari.

Nilitaka kumpiga, na mimi si mtu wa kupiga. Nilikuwa nimechoma vidole kwa sindano ya gunia, nimechagua na kutupa, nimesumbua soko zima kwa ajili ya chombo cha maji, kumbe nilikuwa namfungia mfuko mtu aliyeapa kutokunywa! Wote walikuwa hivyo. Niliwauliza wale wake niliowashonea, nao wakaniambia ya kwao pia yanarudi yamejaa. Mmoja akasema yeye huyamwagia mboga.

Kuanzia hapo kufunga mfuko kukawa vita. Nikaacha habari ya maji, nikaingiza maji kwa mlango wa nyuma. Machungwa. Matango. Muwa uliokwisha kumenywa. Munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ambacho nyumbani hakimpiti bila kunywa vikombe vitatu. Nikamtilia kwenye chupa mbili. Machungwa aliwagawia askari wa mpakani. Matango yalioza. Munkoyo ulichacha, chupa ikapasuka, ukalowesha karatasi zake, na kwa mara ya kwanza alinipigia simu kutoka njiani akiwa na hasira. Mimi nikafurahi kusikia hasira yake. Nikasema angalau leo kuna kitu kimelowa ndani ya lori hilo.

Nilijaribu na chupa ndogo ndogo, nikimwambia hii ni ya Zambia, hii ni ya mto wa mpakani, hii ni ya mchanga. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu kabisa, anaitikia ndiyo mama, ndiyo mama, anavaa mfuko wake kifuani na kupanda. Mtu mpole ni mgumu kumshinda. Mkorofi utagombana naye yaishe. Mpole anakuitikia na anafanya yake.

Siku za kuwa nyumbani nilikuwa nachungulia mambo ambayo mke hapaswi kuchungulia. Choo chetu kiko uani, tunatumia na wapangaji, na yeye akitoka nilikuwa naingia haraka. Mkojo wake ulikuwa rangi ya chai kavu. Akaanza kulalamika mgongo. Akawa ananunua vidonge vya maumivu barabarani, vya kila rangi, anameza bila maji. Anatupa nyuma ya ulimi na kukaza shingo. Nikimwambia aende hospitali, anasema kiti cha lori ndicho kibovu. Nikamtafutia mto wa kiti. Hata huo nilichagua vizuri, wa sufi, ili usimtoe jasho. Leo nikikumbuka ule mto nasikia uchungu wa ajabu, maana mgongo haukuwa na kosa lolote.

Alirudi safari moja miguu imevimba mpaka kamba za viatu zimeingia ndani ya nyama. Uso pia umevimba chini ya macho. Watoto wakasema baba amenenepa. Majirani wakanipongeza, eti mume anakula vizuri kule ugenini! Alikataa bukari, ugali wetu, akasema kinywa chake kina ladha ya chuma. Akilala chali anakosa pumzi, anaamka na kuketi. Nikamvisha shati, nikatafuta taksi, tukaenda hospitali mjini, na huko njiani aliniomba nimwambie bosi kwamba atachelewa kupakia.

Daktari alikuwa mwanamke, kijana, mwenye sauti ya chini. Alipima, akapima tena, akatuita wote wawili. Akasema figo zimekwisha. Hakusema zimechoka, wala zinaumwa. Akamuuliza mume wangu kazi yake, akamuuliza vidonge alivyokuwa akimeza, akamuuliza anakunywa maji kiasi gani akiwa safarini. Mume wangu akaniangalia mimi kwanza.

"Nilikuwa na mayi," akamwambia. "Mama alinipatia mayi kila safari. Mazuri kabisa."

"Na ulikunywa?"

Akatazama miguu yake iliyovimba. Mimi niliondoka. Nilitoka nje, nikasimama kwenye veranda ya hospitali, nikalia kwa sauti mbele ya watu nisiowajua, natukana. Nilimtukana bosi wake, wezi wa shaba, shaba yenyewe, na yule mwenzake aliyefungwa, na Mungu pia nadhani. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiosha sahani za mgonjwa wake akaniuliza amekufa? Nikasema bado. Akasema basi nyamaza, urudi ndani. Nikarudi.

Ndani nilikuta daktari anaeleza mashine. Damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Mara mbili kwa juma, na tungefanya mara tatu kama uwezo ungekuwepo. Halafu akasema neno ambalo nilimwomba alirudie, nikidhani nimesikia vibaya. Alisema figo zikishakufa, mtu hakojoi tena. Maji anayokunywa hayana pa kutokea. Yanajaa miguuni, yanapanda tumboni, yanaingia mapafuni, yanamzamisha akiwa amekaa kitandani. Kwa hiyo kuanzia leo, maji yake ni kikombe kimoja kwa siku nzima. Na supu inahesabiwa humo humo. Na chai.

"Kikombe kimoja," nikasema.

"Kidogo, mama. Si kile cha bati."

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa nane, na wa Lubumbashi wanajua kinachofuata. Baridi inaisha siku moja, kesho yake ni joto. Mwezi wa tisa majani yanaungua, moshi unakaa juu ya mji. Mwezi wa kumi hewa inakauka mpaka milango ya mbao inapasuka, umeme unakatika mchana kutwa, na wingu likipita watu wanatoka nje kulitazama. Katika ukavu huo mimi nikaanza kumfungia mume wangu mfuko mwingine.

Nilitumia kipimo kile kile, cha nini kinabebeka na nini hakibebeki, ila sasa kila nilichochagua kilikuwa cha kumzuia. Kikombe kidogo cha plastiki cha dawa ya watoto, chenye mistari. Kipande cha limau kwenye nailoni, cha kulamba ulimi ukiwa mkavu. Pipi kali za ndimu. Pamba ya kulowesha midomo, na niliikamua vizuri kabla ya kumpa, maana alianza kuinyonya. Vaselini. Kepi, kwa ajili ya kusubiri taksi juani, ila pazia la nyuma alilikata mwenyewe, akasema hataki kitu chochote kinachomkumbusha njia. Barafu tulipokuwa na umeme. Kipande kimoja ndani ya kitambaa, anakipokea kwa mikono miwili. Mashine ilikuwa inamwacha amechoka na kiu ya ajabu. Kutoka kitandani hadi kwenye lango la hospitali tulikuwa tunapita wauza maji ya nailoni, wanapaza sauti, maji baridi, maji baridi, na mume wangu alikuwa anashika mkono wangu na kutazama chini.

Mtu ambaye hakunywa maji miaka yote akiwa na ruhusa, sasa hakuwa na wazo lingine. Aliniambia anaota bandari. Aliniambia usingizini analifungua bidoni, linatoa mchanga. Aliamka na kuniuliza, kwa upole ule ule, kama saa ya kikombe imefika. Nikimwambia bado, anasema sawa mama. Hakugombana hata siku moja. Laiti angegombana!

Mara moja nilimkuta bafuni amepiga magoti mbele ya ndoo ya kuogea, ananywa kwa viganja, maji yenye povu la sabuni ya mtoto. Nikamvuta shati. Akaniangalia, mtu mzima mwenye mvi, midomo ina povu, akaanza kulia. Nikamwambia maneno mabaya. Nikamwambia, uko na akili kweli, unataka kuniua? Yeye ndiye aliyekuwa anakufa, na mimi nikasema anataka kuniua. Kuanzia siku hiyo ndoo zote nilikuwa naziingiza chumbani kwa wapangaji na kuwaomba wafunge mlango. Usiku ule ule miguu yake ilivimba, na alipumua kwa kukoroma mpaka siku ya mashine.

Dada yake mkubwa alikuja kutoka kaskazini kumtazama. Ni mwanamke wa kanisa, wa kuheshimika, na mimi namwita yaya, yaani dada mkubwa, kama ndugu yake anavyomwita. Alikaa nasi, akaona. Siku ya pili alimwona ndugu yake anaomba maji, na mimi namlowesha midomo kwa pamba. Akasimama.

"Unanyima ndugu yangu mayi? Mu joto hii? Hata imbwa banamupatia mayi!"

"Yaya, ni dokta njo alisema."

"Dokta! Dokta iko mu nyumba yako? Miye nimezika bantu bengi, sijaona mugonjwa bananyima mayi."

Akatoka uani, akawaambia wapangaji, akawaambia majirani, na kufika jioni mtaa wote ulikuwa unajua kwamba mimi namkausha mume wangu. Nilipita kwenda dukani, watu wakanyamaza. Mwanamke niliyewahi kumshonea gunia la bidoni la mumewe alinigeuzia mgongo. Mimi! Mimi niliyebeba maji ya mtu huyu kichwani mwangu miaka yote! Nilitaka kusimama katikati ya njia nipige kelele. Lakini ningewaambia nini? Kwamba maji yanaua? Katika mwezi wa kumi?

Yeye ndiye aliyenitetea. Alimwita dada yake kitandani, akamwambia polepole, pumzi ikikatika, "Yaya, umuache. Ni miye nilikataa mayi ya huyu mwanamuke. Haiko yeye."

Yaya akalia. Hajanisalimu vizuri mpaka leo, lakini aliacha kuwaita majirani.

Halafu mashine zikaharibika. Tulifika asubuhi, tukakuta wagonjwa wamekaa kwenye benchi nje, kila mmoja na mfuko wake mdogo. Maji ya bomba yanayozilisha mashine yalikuwa machafu, au kifaa fulani kilikuwa kinasubiriwa kutoka Afrika Kusini. Kila nesi alikuwa na habari yake. Rudini kesho. Tukarudi kesho. Rudini keshokutwa. Mmoja wa wale wa benchi, mwalimu mstaafu aliyekuwa akitutania kila mara, siku ya tatu hakuja, na hakuna aliyeuliza. Walioweza walivuka kwenda Zambia. Sisi tulikuwa tumekwisha kuuza hata friji.

Daktari yule wa sauti ya chini alitufuata langoni. Hakutudanganya, na kwa hilo namshukuru. Alisema kifaa kitafika, lakini yeye, na akamtazama mume wangu kwa kifua kilivyokuwa kinapanda na kushuka, yeye hadhani kwamba kitamkuta. Akasema tukae naye nyumbani. Nikauliza, na kikombe? Akanishika bega. Akasema, mama, fanyeni anavyotaka.

Nilimleta nyumbani, nikamweka kwenye kiti cha uani, mahali penye kivuli cha ukuta. Yaya alikuwa amekwenda misa ya mchana. Watoto shuleni. Joto lilikuwa limekaa kwenye mabati mpaka yanalia. Hakuna upepo. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala, nikaanza kupepea nzi.

"Mama," akasema. "Unipe mayi."

"Bado saa."

Nilijibu bila kufikiri, mdomo ulikuwa umezoea.

"Saa gani tena? Ulisikia dokta."

"Nilisikia."

"Basi."

Nikasema hapana. Nikasema kifaa kinaweza kufika kesho, wakati mwingine vitu vinafika. Nikasema mambo mengi. Nilimwambia kwamba akinywa itakuwa mimi nimemuua kwa mkono wangu, na dada yake atapata la kusema, na watoto watakuja kuniuliza. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Ndivyo alivyokuwa, anakuacha uishiwe.

"Siogopi kufa na mayi," akasema. "Naogopa kufa na hii kiu."

Nikaenda chumbani kwa wapangaji. Mtungi wa udongo wa mama yangu ulikuwa pembeni ya mlango wao, nimewapa wanitunzie. Nikachota kwa kikombe cha bati, kile kikubwa, nikakijaza mpaka juu. Nikamwaga mengine njiani, vumbi likayanywa mara moja. Nikapiga magoti nikamshikia.

Alikunywa. Hakuonja kwanza. Alikunywa kwa sauti, koo likipanda na kushuka, maji yakimtoka pembeni ya mdomo na kuingia kwenye shati, na hakupumzika mpaka nikaona chini ya kikombe. Miaka yote ile ya kumfungia mfuko sikuwahi kumwona anakunywa hivyo. Nikashikwa na hasira, ya kwangu ile ile, ya kila siku, na huku nalia nikamwambia, "Leo njo unanisikia? Leo?"

Akafuta mdomo kwa mkono. Alitabasamu.

"Leo hakuna kamyo ya kuchunga," akasema. "Ongeza, mama."

Nikasimama, nikaenda kuongeza.